Ubatizo ni mmoja, haurudiwi

Tangu Pasaka ofisi yetu ya katekesi (mafundisho ya dini) ya Kanisa Katoliki inapokea maombi yaleyale: mtu alibatizwa utotoni, akahamia kanisa lingine, akaambiwa ubatizo wake ni bure, akazamishwa upya mtoni. Sasa amerudi na anaomba tumbatize tena "ili awe na uhakika". Kumpokea, tunampokea kwa mikono miwili. Kumbatiza tena, hapana.

Nasadiki, ungamo la imani tunalosali Jumapili, lililotoka mtaguso wa Nisea mwaka 325 na kukamilishwa ule wa Konstantinopoli mwaka 381, inatamka: "Naungama ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi." Anayebatiza hasa ni Mungu mwenyewe, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kristo alikufa mara moja akafufuka, na mbatizwa anaunganishwa na kifo na ufufuko huo. Kutaka kurudia ni kudai kwamba Mungu alishindwa mara ya kwanza.

Wapo wanaotuletea Matendo 19, Paulo alipowabatiza wanafunzi wa Efeso. Jamani, someni sura yenyewe! Wale walikuwa na ubatizo wa Yohane tu, hata habari za Roho Mtakatifu hawakuwa wamezisikia. Paulo hakurudia ubatizo wa Kikristo.

Wengine wanahangaika kwa sababu aliyewabatiza hakuwa padre, au baadaye alianguka dhambini. Afrika Kaskazini waligombana juu ya jambo hili tangu karne ya 3. Sisi Waganda hatuna haja ya kwenda mbali. Mei 1886, pale Munyonyo, usiku wa kuamkia siku ambayo Kabaka (mfalme) Mwanga aliwahukumu Wakristo wa ikulu yake, Karoli Lwanga, mmoja wao, aliwabatiza wakatekumeni (waliokuwa wakijiandaa kubatizwa) waliokuwa naye, kijana Kizito akiwemo. Lwanga alikuwa mlei, si padre, na yeye mwenyewe hakuwa ametimiza mwaka tangu abatizwe. Kizito alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni akiwa na ubatizo huo, na mwaka 1964 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Utaratibu sasa. Omba cheti kipya kwenye parokia ulikobatizwa. Kile cha zamani kilichokunjwa sandukuni hakitoshi, kwa sababu kipaimara na ndoa huandikwa daftarini pembeni ya jina lako, na paroko lazima ayaone. Kama daftari limepotea, shahidi mmoja wa kuaminika anatosha, au kiapo chako ikiwa ulibatizwa mtu mzima (kanuni 876 ya Sheria za Kanisa). Aliyebatizwa Kanisa la Uganda (Waanglikana) alete cheti chake. Maji yalitumika, Utatu ulitajwa, basi. Palipo na shaka ya kweli tunachunguza kwanza, na shaka ikibaki tunabatiza kwa sharti, "kama hujabatizwa" (kanuni 869). Aliyebatizwa kwa maneno "Sisi tunakubatiza" badala ya "Nakubatiza" afike ofisini bila kuchelewa, maana Roma ilishaamua Agosti 2020 kwamba huo si ubatizo. Huyo atabatizwa, na kwake ndiyo mara ya kwanza.

Cheti cha kughushi hakimsaidii mtu. Ni kosa la jinai, na kanuni 1391 ina adhabu yake pia, kwa aliyekitengeneza na kwa anayekitumia akijua. Anayekudai pesa nje ya sadaka iliyopangwa na maaskofu anavunja kanuni 848, hata awe nani: mlete kwa paroko, au kwetu. Kanuni hiyohiyo inakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa kukosa fedha, kwa hiyo usiye na kitu njoo hivyohivyo, mwambie katekista hali yako.