Seli T Inapokosa Glukosi Ndani ya Uvimbe

Seli T, askari wa kinga ya mwili, ikiwa imetulia huishi kwa kubana matumizi: huchoma glukosi kidogo na mafuta ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ambako molekuli moja ya glukosi huipatia takriban molekuli 30 za ATP, sarafu ya nishati ya seli. Ikishatambua kirusi au seli ya saratani, huanza kuivunja sehemu kubwa ya glukosi hadi laktati, zao la uvunjaji usiokamilika, hata oksijeni ikiwepo, ingawa njia hiyo huzalisha ATP 2 tu. Otto Warburg aliiona tabia hii katika uvimbe wa saratani miaka ya 1920, na wengi bado huiona kama ufujaji. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa seli inayogawanyika mara kadhaa kwa siku huhitaji malighafi ya kujengea utando, protini na DNA, na sehemu ya malighafi hiyo hutokana na hatua za kati za uvunjaji huohuo.

Kinachonivutia zaidi ni kimeng'enya kiitwacho GAPDH. Glukosi ikiwa ya kutosha, hushughulika na kuivunja. Ikipungua, hujishikiza kwenye mRNA (nakala ya maagizo ya jeni) ya interferoni gama, protini ambayo seli T huitumia kama silaha, na kuizuia nakala hiyo isisomwe. Hivyo seli T inaweza kumtambua adui barabara na kuwa na maagizo yote ya kutengeneza silaha yake, lakini silaha yenyewe isitoke. Ndani ya uvimbe, ambamo seli za saratani hufyonza glukosi kwa pupa na kumwaga laktati inayoongeza asidi, hali hiyo si ya nadra. Katika panya, kingamwili zinazoziba PD-L1, protini ya seli za saratani inayozizuia seli T, zimeonekana pia kuzifanya seli za saratani zile glukosi kidogo, mbali na kuziondolea seli T kizuizi hicho.

Kinga hutumia kimetaboliki kama silaha hata nje ya saratani. Katika kifua kikuu, makrofaji (seli ya kinga inayomeza vijidudu) iliyoamshwa huelekeza sehemu ya kaboni ya mzunguko wa Krebs, msururu wa hatua za kuzalisha nishati ndani ya mitokondria, kwenye itakonati, asidi inayoziba kimeng'enya ambacho bakteria hukihitaji ili aishi kwa mafuta. Maelezo hayo yanapendeza, lakini nadhani tunayatilia mkazo kupita kiasi: bakteria huyo ana uwezo wa kuivunja itakonati, na panya wasioweza kuitengeneza hufa mapema, mapafu yao yakiwa yamejaa nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazoharibu tishu. Naona kazi yake kubwa ni kuituliza kinga yenyewe.

Wagonjwa wa saratani huuliza kama waache sukari ili waushindishe uvimbe na njaa. Ini hutengeneza glukosi hata mtu akifunga, na seli T hutegemea glukosi ya damu hiyohiyo. Dawa za kuzuia uvunjaji wa glukosi hukwama papo hapo, kwani huweza kuwadhoofisha askari, yaani seli T, pamoja na adui. Ndiyo maana wengine wetu tumegeukia kuzibadilisha seli T zenyewe: seli za CAR-T, yaani seli T zilizowekewa kipokezi cha kutengenezwa cha kuitambua saratani, zikiwa na kipande cha kuziamsha kiitwacho 4-1BB hutegemea zaidi mitokondria, na kwa kawaida hudumu mwilini kuliko zilizowekewa kipande kingine, CD28.