Nyama mbichi au chakula kikavu, kipi nafuu kwa mbwa? Dhana potofu na ukweli wake

Kila ikitajwa gharama ya kulisha mbwa watu wanaanza kurushiana bei za kilo, huyu anasema nyama nafuu kuliko mfuko, yule anasema hakuna mtu wa kawaida anaweza kununulia mbwa nyama kila siku, na wote hakuna aliyepiga hesabu ya siku moja ya mbwa wake inamgharimu kiasi gani. Tukikosea hapa anayeumia ni mbwa, anakonda au ananenepa au miguu inapinda na yeye hana mdomo wa kulalamika, kwa hiyo naomba tuende taratibu.

"Kilo ya nyama ni bei ndogo kuliko kilo ya chakula kikavu, basi nyama ni nafuu"

Hii ndo baba lao. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu, nyama mbichi ina maji asilimia 65 mpaka 75, yani kwenye kila kilo ya nyama unayolipia zaidi ya nusu ni maji. Mbwa anachohitaji ni nguvu, ni kalori, na kilo moja ya punje kavu mara nyingi ina kalori 3,500 mpaka 4,000 wakati kilo ya mchanganyiko wa nyama mbichi, mifupa na maini ina kama 1,200 mpaka 2,000 kutegemea na mafuta yaliyomo. Ikiwa nyama ni steki tupu isiyo na mafuta inashuka zaidi.

Chukua mbwa mzima wa kilo 20, amehasiwa, anatembea kawaida. Hesabu wanayoanzia madaktari wa mifugo unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu: zidisha uzito mara tatu, 20 × 20 × 20, unapata 8,000, alafu bonyeza alama ya kipeuo (√) mara mbili, inatoka 9.46 hivi, zidisha kwa 70 unapata kama 660. Hizo ni kalori za mbwa aliyelala tu bila kufanya kitu. Kwa mbwa mzima aliyehasiwa unazidisha tena kwa 1.6, inakuja kama 1,060 kwa siku. Ni makadirio, kuna mbwa atahitaji zaidi na kuna mbwa atahitaji pungufu sana, ila angalau una pa kuanzia.

Sasa weka vyakula viwili mezani. Punje zenye kalori 3,600 kwa kilo, mbwa huyo anakula gramu 295 hivi kwa siku. Nyama mbichi yenye kalori 1,500 kwa kilo anakula gramu 700 na kidogo. Kwa hiyo hata nyama ikiuzwa nusu ya bei ya punje kwa kilo bado kumlisha nyama kunakuzidi kama asilimia 20 kila siku, na ili zilingane bei ya kilo ya nyama lazima ishuke mpaka kwenye asilimia 42 hivi ya bei ya kilo ya punje. Chukua kalori zilizoandikwa kwenye mfuko wako na za nyama yako uweke mwenyewe, maana punje nazo zinatofautiana.

"Basi mbichi siku zote ni ghali"

Nayo si kweli. Mtu mwenye mbwa wa kilo 5 hesabu ileile inampa kama kalori 375, ambazo ni gramu 250 tu za nyama hiyohiyo, hapo tofauti kwa mwezi inaweza ikawa ndogo ukaibeba bila kuhisi. Na kuna watu wanapata shingo, mioyo, mapafu, bandama, vitu ambavyo binadamu wengi hawavigombanii, wanavipata kwa bei ya chini kweli, na zipo punje za bei ya juu kiasi kwamba nyama iliyopangwa vizuri inakaribiana nazo. Ila mbwa wa kilo 40 anakwenda kilo 1.2 ya nyama kwa siku, zaidi ya kilo 35 kwa mwezi, na hizo kilo 35 zinataka friza, na friza inataka umeme, na umeme ukikatika muda mrefu mzigo wote umeharibika. Hiyo ni gharama ya nyama kabisa, iandike.

Alafu usidhani mbwa mwenye uzito mara mbili anakula mara mbili. Wa kilo 40 anahitaji kama mara 1.7 ya wa kilo 20.

"Nyama ni nyama, mbwa mwitu anakula nyama tu"

Hapa ndo roho inaniuma, kwa sababu hesabu nyingi za "mbichi ni nafuu" zimejengwa juu ya nyama tupu, na nyama tupu sio chakula kamili. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu mno, wakati mbwa anatakiwa kupata kalsiamu angalau sawa na fosforasi au kuzidi kidogo mpaka mara mbili hivi. Mtoto wa mbwa akilishwa nyama tupu mwili unaanza kuchomoa kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, mifupa inakuwa laini, anachechemea, anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka tu kitandani, na mwenyewe anashangaa maana mtoto anakula nyama kila siku tena kwa hamu. Mbwa mwitu anayetajwa hapo anakula na mifupa na maini na figo za mnyama, sio mnofu peke yake.

Wenyewe wanaolisha mbichi wana kipimo chao maarufu, nyama asilimia 80, mfupa unaotafunika 10, maini 5 na ogani nyingine kama figo au bandama 5. Ni bora mara mia kuliko mnofu tupu ila hata hicho mara nyingi kinapungukiwa zinki, manganizi, iodini na vitamini E, na huwezi kuziba kwa kuongeza maini maana maini yakizidi vitamini A inajaa mwilini inakuwa sumu. Kwa hiyo ukitaka bei ya kweli ya mbichi weka humo mifupa, ogani, mafuta ya samaki au samaki, virutubisho vya kuongezea, na kama mbwa ni mtoto au mgonjwa weka na pesa ya mtaalamu wa lishe ya mifugo akupangie. Ndo ulinganishe hiyo na mfuko ulioandikwa kwamba ni chakula kamili kwa umri wa mbwa wako. Kulinganisha mnofu mtupu na chakula kamili ni kujidanganya.

"Chakula kikavu ni nafuu kwa sababu ni unga wa nafaka ambao mbwa hawezi kuusaga tumboni"

Nusu ya kwanza ina ukweli, nafaka ni njia rahisi ya kupata kalori kuliko nyama na ndo sababu kubwa ya bei kushuka. Nusu ya pili imeshajibiwa, watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2013 kwenye jarida la Nature kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya AMY2B inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, mbwa mwitu wao wana mbili tu. Mbwa amekaa na binadamu maelfu ya miaka akila mabaki yetu, tumbo lake limezoea, mradi nafaka imepikwa. Hiyo haimaanishi kila mfuko ni mzuri, kuna mifuko mibovu, ila ubaya wake hauko kwenye kuwa na nafaka.

"Mpe asilimia 2 mpaka 3 ya uzito wake kwa siku, imekwisha"

Kanuni hii ni ya nyama mbichi na watu wanaihamishia kwenye punje. Mbwa wetu wa kilo 20, asilimia 3 ni gramu 600. Gramu 600 za punje ni kalori 2,160, mara mbili ya anachohitaji! Pesa inaondoka mara mbili na mbwa anakuwa pipa. Ukisikia mtu analalamika mfuko hauishi wiki mbili muulize kwanza anapimaje.

Na kupima kwa kikombe nako ni tatizo. Watafiti wa chuo cha Guelph kule Kanada walichapisha mwaka 2019 kwamba watu waliopewa vikombe wapime punje walikosea kuanzia pungufu ya asilimia 48 mpaka kuzidisha kwa asilimia 152. Nunua mizani ndogo ya jikoni, ndo kifaa kinachorudisha pesa haraka kuliko vyote kwenye habari hii, uwe unalisha mbichi au kavu. Faida yenyewe haiishii mfukoni, kuna utafiti uliofuatilia Labrador 48 maisha yao yote, nusu walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao, ukiwapanga kwa umri waliofikia, wa katikati kwenye kundi hilo aliishi miaka 13 na kwa wale waliokula zaidi miaka 11.2. Karibu miaka miwili ya mbwa wako, jamani.

"Mbichi ni ghali ila utaokoa pesa za daktari na meno"

Hakuna ushahidi imara wa kuwekea bajeti hapo. Upande wa pili kuna hatari inayojulikana, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya wanyama wa nyumbani kati ya 2010 na 2012, ikakuta Salmonella kwenye 15 na Listeria kwenye 32. Kugandisha hakuui bakteria hao, kunawasimamisha tu, kwa hiyo nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu mi nasema wazi achaneni na mbichi. Mbwa mwenyewe anaweza asionyeshe dalili yoyote na huku anawatoa kwenye kinyesi.

Meno sasa. Mifupa mikubwa migumu ya miguu ya ng'ombe inavunja magego, na kutibu gego lililovunjika ni pesa ndefu. Wa punje nao wasishangilie, punje za kawaida hazisafishi meno, mswaki ndo unasafisha.

"Nunua mfuko mkubwa kabisa, utaokoa"

Kama utaumaliza ndani ya wiki sita hivi baada ya kufungua, sawa. Zaidi ya hapo mafuta yanachacha, vitamini zinapungua, mbwa anagoma, unamwaga. Uache kwenye mfuko wake, ufunge vizuri, sehemu isiyo na joto.

"Ukichanganya vyote viwili tumbo linavurugika"

Wanasema eti punje na nyama zinasagika kwa spidi tofauti. Hakuna uthibitisho wa maana kwamba inamdhuru mbwa mzima mwenye afya, kinachovuruga tumbo ni kubadilisha ghafla, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo kwa siku 7 mpaka 10. Na kuchanganya ndo njia ambayo wenye bajeti ya kati wengi ingewafaa, punje kamili zibebe kalori nyingi alafu nyama ije juu, ambayo unaweza ukaichemsha na ukaondokana na habari ya bakteria. Ukipika toa mifupa yote, mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Vitu vya kuongezea juu visivyo kamili visizidi asilimia 10 ya kalori za siku, kwa mbwa wetu wa kilo 20 ni kalori 106, kama gramu 70 za nyama ile ya kalori 1,500 kwa kilo, na unapoiweka punguza punje gramu 30 kwenye bakuli.