Umeme haupiti ndani ya uzi wa DNA: tunayoyakosea kuhusu kusoma vinasaba kwa umeme

Huku Moshi ukitaja DNA, watu wanawaza jambo moja tu: mtoto ni wa nani. Juzi nilipeleka redio kwa fundi wangu pale Mbuyuni, nikajikuta namweleza kuhusu vifaa vinavyosoma vinasaba kwa umeme. Karibu kila alichobisha nimeshawahi kukisikia darasani kwa wanafunzi wangu wa biolojia. Tofauti ni kwamba yeye anashika mita kila siku, kwa hiyo hata makosa yake yana akili ndani.

"Hiyo si darubini tu, mwalimu?"

Hapana. Hakuna picha yoyote inayopigwa. Kinachotoka ni mstari unaopanda na kushuka, yaani mkondo wa umeme kadiri muda unavyokwenda.

"Basi umeme unapita kwenye DNA kama kwenye waya."

Hapa alining'ang'ania, na hapa ndipo penye utamu. Katika njia inayotumika zaidi leo, kuna maji ya chumvi pande mbili za utando, na kwenye utando kuna tundu la protini. Sehemu yake nyembamba kabisa ina upana wa nanomita moja na ushei. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukiweka volti kidogo, chini ya robo ya volti, ioni za chumvi, yaani chembe zenye chaji, zinapita tunduni, na huo ndio mkondo unaopimwa. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo inavutwa kuelekea upande chanya. Ikiingia tunduni, inazibia ioni njia, na besi zake, zile herufi nne za DNA, haziibi njia sawasawa.

Aliyekulia mlimani anaujua mfongo, mfereji wa kupeleka maji mashambani. Gogo la mgomba likipita mahali pembamba, maji ya chini yanapungua, na mwenye kusimama kule chini anajua kuna kitu kimepita hata kama hajakiona. Ndivyo ilivyo. Watafiti Kasianowicz, Branton, Deamer na wenzao walilionyesha hilo mwaka 1996 kwa nyuzi za DNA na za ndugu yake RNA, wakitumia tundu la protini ambayo ni sumu ya bakteria Staphylococcus aureus. Mkondo wenyewe huhesabiwa kwa pikoampea, na pikoampea moja ni miliampea iliyogawanywa mara bilioni. Fundi aliitazama mita yake, akacheka.

Lakini hakukosea kabisa. Ipo njia nyingine ambayo umeme unapita kweli kwenye besi yenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, waliweka elektrodi mbili za dhahabu karibu sana, mwanya wa kama nanomita moja, wakapima elektroni zinazovuka kupitia nyukliotidi (besi na kishikizo chake) moja moja. Kati ya besi, guanini hupitisha nyingi kuliko zote, thaimini chache kuliko zote. Mwaka 2012 wakajaribu vipande vifupi vya DNA na RNA. Njia hiyo haijatoka maabara kama ile ya matundu.

"Kila herufi ina namba yake, mita inasoma tu."

Ingekuwa hivyo, kazi ingekwisha zamani. Tunduni hukaa besi kama tano kwa wakati mmoja, na mkondo ni wa zote pamoja. Besi nne zikipangwa tanotano zinatoa michanganyiko 1,024, na mingi inafanana mikondo. Kwenye mwanya wa dhahabu nako vipimo vya besi tofauti hupandana, kwa hiyo lazima upime mara nyingi. Tena DNA ikiachwa ipite yenyewe inakimbia mno, ndiyo maana hufungwa kimeng'enya kinachoishusha hatua kwa hatua, mamia ya besi kwa sekunde. Kutoka hapo programu ya kompyuta ndiyo inayokisia herufi. Nasema inakisia, na sijutii neno hilo.

"RNA lazima igeuzwe DNA kwanza."

Kwa mashine nyingi, ndiyo. Kwa tundu, si lazima: RNA yenyewe hupita, ikiwa na urasili mahali pa thaimini. Kwa wakulima si jambo dogo. Virusi vya batobato ya mihogo vina DNA, ila vya michirizi ya kahawia vina RNA.

"Kifaa kinaingia mfukoni, maabara ya nini?"

MinION, kifaa cha tundu cha kampuni ya Oxford Nanopore, inaingia mfukoni kweli, na watafiti wameshaibeba hadi kwenye mashamba ya mihogo Tanzania, Uganda na Kenya. Ila haipokei jani wala damu. Kuna kuchuja vinasaba, kemikali za kutunza kwenye baridi, na kompyuta yenye nguvu. Umeme ukikatika, shauri yako.

Na yule mtoto wa nani? Kipimo hicho kwa kawaida hakisomi herufi zote. Hulinganisha vipande vinavyojirudia sehemu chache tu za vinasaba. Hapa nchini kinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na maombi hupitia kwa wenye mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii, kisha sampuli hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.