Rangi Mpya Haiui Kutu

Hapa Malindi, mwenye Volkswagen Beetle kuukuu akiona vipele vya kutu chini ya mlango, husikia ushauri uleule: paka puti (kijazio cha mashimo ya bodi), piga rangi, yamekwisha. Hayajakwisha. Kutu huhitaji maji na oksijeni tu, na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari huiharakisha. Kutu nayo, kwa kuwa ina vitundu vidogo na huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huendelea kula bati chini ya rangi na kuivimbisha hadi ibanduke.

Jaribio la kujua kama bati limeoza halina gharama: inua kiti cha nyuma, palipo na betri, ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi, kisha uidunge kwa ncha. Bati zima hulia. Lililooza hunyamaza, na ncha huzama kama katika biskuti iliyolowa chai. Hapo puti haina kazi, kwani hunyonya unyevu. Bati hilo hukatwa na kuchomelewa jipya, na hiyo ndiyo kazi ya kumlipia fundi.

Kutu ya juujuu waweza kuimaliza mwenyewe uani: isugue kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, paka dawa yenye asidi ya fosforiki kwenye vishimo vilivyobaki (vaa glavu), fuata maelezo ya kopo, kisha paka praima (rangi ya msingi) siku hiyohiyo, maana chuma kitupu pwani hakingoji kesho. Turubai la plastiki, nalo, ni adui: hufungia umande wa usiku juu ya bodi.