Toboa Kwanza, Chonga Baadaye

Swali ni lilelile: "Fundi, mpini wa ufito wangu wa kuvulia nimeshauchonga na kuupiga msasa, limebaki tundu la kupitishia ufito tu. Nilitoboeje?" Ndugu yangu, umeanzia mwisho. Umbo la nje hufuata tundu.

Shida iko kwenye biti, ile ncha ya drili inayotoboa. Ukitoboa kufuata urefu wa mti, ncha hukutana na nyuzi ngumu na laini kwa zamu, nayo hukimbilia kwenye laini. Mbao yenye nyuzi zilizopindana huivuta zaidi. Biti ya kutobolea chuma ndiyo hupotea njia haraka. Tumia ya kutobolea mbao, yenye ncha ndogo katikati. Hata hiyo, kwenye sentimita 20 itahama, na simwamini fundi anayeahidi vingine. Ikihama milimita 2 ndani ya kipande cha mraba cha milimita 30, hujapoteza kitu: unakishika kwa tundu lenyewe kwenye mashine ya kukereza, na nje yote inachongwa kulizunguka. Lakini ikihama milimita 2 kwenye mpini uliokwisha fikishwa milimita 18, wenye tundu la 10, ukuta mmoja unabaki milimita 2 na wa pili 6. Samaki mzito akivuta, ule mwembamba ndio unaopasuka.

Na usiniambie utatoboa kutoka pande zote mbili. Matundu hayakutani sawasawa. Katikati hubaki ukingo na ufito hukwama hapo.

Kwa mpini mrefu, kata vipande vya sentimita 4 hadi 6, toboa kimoja kimoja, kisha vitunge kwenye chuma chenye hesi ulichokipaka nta ili gundi isikishike. Paka gundi ya epoksi kati ya vipande, kaza nati pande zote, iache igande, ndipo ukereze vyote pamoja. Nyuso za vipande zinazogusana lazima ziwe pembe mraba na tundu, la sivyo maungio yataachia mianya.

Mzunguko uwe wa chini, kama 500 kwa dakika, na chomoa biti kila sentimita moja kuondoa vumbi. Kwa mpingo hili ni sharti: vumbi likijaa tundu linachemka, na mpingo ukichemka hupasuka. Kabla ya gundi ufute kwa spiriti, maana una mafuta.

Pembe ya ayala, yule mnyama anayeangusha pembe kila mwaka, ni mfupa: nje ganda gumu, ndani sifongo. Chagua sehemu iliyonyooka na upitishe tundu katikati ya sifongo. Ukifuata katikati ya umbo la nje, pembe iliyopinda itakudanganya, na ukikereza sifongo litatokeza juu. Likitokeza, linyweshe supaglu nyepesi mara kadhaa. Hushika vizuri, ingawa kwa ufito wa maji ya chumvi mimi ningetupa kipande hicho na kuanza upya. Vaa barakoa, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Pembe ya ng'ombe ina uwazi ndani, hivyo haifai kwa njia hii. Na za wanyamapori wetu ziache: Kenya na Tanzania kuwa nazo bila kibali ni kosa.

Toboa pungufu ya unene wa ufito kwa nusu milimita, kisha panua kwa kipande cha ufito wa zamani ulichokizungushia ukanda wa msasa namba 80. Ufito huchongoka kuelekea nchani, kwa hiyo upande mpana wa tundu uelekee kitakoni.

Usiache kupanua wakati mpini bado unabana ukiwa mkavu, ukidhani ndiyo nguvu. Epoksi yote itakwanguliwa unaposukuma. Acha uteleze kwa uzito wake na kusimama karibu na mahali pake. Tumia epoksi inayoganda taratibu, paka tundu na ufito, zungusha unaposukuma, na futa ziada kwa spiriti kabla haijakaza.