Je, wajua? Walker wa kwanza hakuwa mtembezi

Chupa ya Johnnie Walker si ngeni hata kwa macho ya asiyekunywa. Kwenye lebo yake yupo bwana mwenye kofia ndefu, koti jekundu, suruali nyeupe na fimbo mkononi, anapiga hatua kama aliyechelewa miadi. Alichorwa mwaka 1908 na mchoraji Tom Browne, na wazo lake ni jepesi: mtu akiitwa Walker, basi ni mtembezi. Kwa biashara mchoro ule umefanya kazi yake vizuri. Kwa historia ya jina umepotea njia, kwa sababu Walker wa asili alikuwa hatembei kwenda popote. Alikuwa amesimama ndani ya hori, miguu mitupu, anakanyaga nguo zilizoloweshwa kwenye mkojo.

Tuanzie kwenye nguo yenyewe. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumi kinakuwa hakijakamilika. Kimelegea, nyuzi zinaachana, mafuta ya kondoo yamejaa, na upepo unapita kama kwenye chandarua. Katika Uingereza ya kale kitambaa hicho kilitiwa kwenye hori pamoja na mkojo uliowekwa siku kadhaa hadi ukachacha. Mkojo ukikaa hutoa amonia, ile harufu inayokukaba koo kwenye choo cha stendi, na amonia huondoa mafuta. Fundi alikunja nguo zake hadi magotini, akaingia, akakanyaga saa baada ya saa. Baadaye ulikuja udongo maalumu wa kufyonza mafuta yaliyobaki, kisha maji safi, kisha kukanyaga tena.

Kukanyaga huko hakukuwa kwa ajili ya usafi tu. Unywele wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukilowa na kukandamizwa, magamba hunasana na hayaachani tena, hivyo kitambaa hujikunyata, kinakuwa kinene na kuzuia baridi. Aliyewahi kutia sweta la sufu la mtumba kwenye maji ya moto, akalianua likamtosha mtoto wa chekechea, ameshaiona sayansi hiyo, ila yeye hakuitaka.

Kazi hii kwa Kiingereza cha kale iliitwa wealcan, yaani kubiringisha na kusukasuka, na mfanyaji wake wealcere. Kwenda kwa miguu kulikuwa na kitenzi kingine kabisa, gangan. Karne zilivyopita, wealcan ikageuka walk na kuchukua maana ya kutembea, ile ya zamani ikafifia. Jina la mtu halikufuata mabadiliko hayo. Wajerumani mpaka leo wanacho kitenzi walken, na kwao bado ni kukanda nguo za sufu.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba fundi huyu mmoja aliacha majina matatu, kutegemea alikuwa akiishi upande gani wa nchi. Kaskazini mwa Uingereza, sehemu za katikati na Scotland alikuwa Walker. Kusini-mashariki na mashariki, pande za Sussex, Kent na Norfolk, alikuwa Fuller, neno lenye mizizi katika Kilatini fullo. Kusini-magharibi, hasa Devon, aliitwa Tucker, kutoka kitenzi cha kale kilichomaanisha kutesa, na kwa hakika kitambaa kiliteswa. Mjini Exeter bado lipo jengo la chama cha mafundi hawa, Tuckers Hall, lililojengwa mwaka 1471. Kwa hiyo ukikutana na Walker, Fuller na Tucker kwenye meza moja, mababu zao huenda walikuwa na kazi moja na magaga ya aina moja.

Fuller tunaye hata kwenye Biblia. Marko 9:3 inasimulia mavazi ya Yesu yalivyong'aa mlimani, meupe kuliko dobi yeyote duniani awezavyo kuyafanya. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hapo kwenye dobi imeandika fuller. Watafsiri wetu walichagua neno zuri, ingawa dobi wa kwetu amesalimika na mkojo. Warumi hawakusalimika: mafundi wao waliutumia kwa wingi kiasi kwamba Kaisari Vespasian, aliyetawala kuanzia mwaka 69 hadi 79, aliutoza kodi. Mwanawe Titus alipolalamika, inasimuliwa kwamba baba alimshikisha sarafu puani na kumwuliza kama inanuka.

Turudi kwa Walker. Lilikujaje kuwa jina la ukoo? Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza wengi walikuwa na jina moja tu. Waandishi wa kodi na mahakama waliposhindwa kumtofautisha John huyu na John yule, waliongeza kazi yake: John mhunzi, John msaga nafaka, John mkanyaga nguo. Mwanzoni jina lilikufa na mwenyewe. Kufikia mwaka 1400 hivi, sehemu kubwa ya watu walikuwa wakiwarithisha watoto, hata kama mtoto ameoka mikate maisha yake yote.

Na hapo pana kichekesho. Kuanzia karne ya 12 vinu vya maji vilikuwa vimeanza kuchukua kazi ya miguu. Orodha ya mali za Watemplari, wale watawa wapiganaji wa Kikristo, ya mwaka 1185 inataja vinu vya aina hiyo: gurudumu la maji linainua nyundo za mbao, nyundo zinashuka kwenye kitambaa. Ina maana jina lilipoanza kurithiwa, wengi walioitwa Walker walikuwa wasimamizi wa kinu, miguu yao mikavu.

Leo Walker limo kwenye majina ishirini ya mwanzo nchini Uingereza, na sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilihesabu zaidi ya watu 500,000 wenye jina hilo. Fuller na Tucker wameachwa mbali. Eneo la Walker lilikuwa pana, kutoka katikati ya Uingereza hadi Scotland, na hilo pekee linaeleza mengi. Hata ile W ya George W. Bush ni Walker. Mashabiki wa mpira wanamjua Kyle Walker, ambaye sifa yake ilikuwa mbio.

Marekani jina lilipita pia mikononi mwa watu weusi, mara nyingi kupitia utumwa na majina ya mabwana, mara nyingine kwa ndoa. Sarah Breedlove alizaliwa Louisiana mwaka 1867, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani. Mwaka 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, akaanza kuuza dawa za nywele kwa jina la Madam C. J. Walker, na akawa miongoni mwa wanawake weusi matajiri zaidi wa zama zake. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, alikuwa akilipwa kwa kufua nguo za watu.