Sato wanaozaliana sana si mavuno

Wafugaji wengi wa Arusha na Moshi huamini kwamba samaki anayefaa kwa lambo la shambani ni yule anayezaliana haraka: mwaga sato dume na jike, kisha subiri mavuno. Ndiyo maana malambo mengi hujaa visamaki vya ukubwa wa kiganja.

Sato jike huweza kuanza kutaga akiwa na miezi michache tu. Huatamia mayai mdomoni, na wakati huo hali chakula vizuri, kwa hiyo hakui. Watoto nao hugombania chakula kilekile na wazazi wao. Nguvu yote ya lambo inaishia kwenye uzazi badala ya nyama. Kwa hiyo nunua vifaranga, yaani samaki wachanga, vya dume pekee. Wakichanganyika majike, ongeza kambale wachache wawale watoto, lakini waingie wadogo kuliko sato wako, la sivyo watakula mtaji.

Pima pia joto la maji. Sato hukua vizuri kwenye nyuzijoto 27 hadi 30. Chini ya 20 hudumaa. Tambarare za Moshi zinamfaa kuliko miteremko ya Meru, na msimu wa baridi wa Juni na Julai usitarajie makubwa.

Na tafadhali, zuia njia ya maji kutoka. Sato si wa asili ya bonde la mto Pangani, ambako maji yetu huelekea. Akitoroka huzaa machotara na perege wetu wa asili, jamaa zake, ambao baadhi yao tayari wamo hatarini kutoweka.